Chupa sita, magazeti ya zamani na mzee wa Mpunguzi

Najua nimepotea. Bumu lilichelewa, test zikawa tatu ndani ya wiki moja, halafu Jumamosi nikaenda kwenye sherehe ambayo mpaka leo Jumatano inanizunguka kichwani. Si kilevi, msianze. Ni maneno ya mzee mmoja, baba wa mwenye sherehe, aliyoyasema akiwa ameshika glasi ya waini kwa vidole viwili kama mtu aliyepewa yai amshikie mwenzake.

Nianze mwanzo. Mshkaji wangu ametimiza miaka 30. Huyu si rafiki wa chuo, ni wa tangu darasa la kwanza huko Mpunguzi, upande wa barabara ya Iringa ukitoka Dodoma mjini. Mbuzi tumechunga wote, viboko tumekula wote. Mimi nikaenda ualimu, nikafundisha, ndiyo kwanza nimerudi darasani kusoma historia na watoto wa 2000 wanaoniita "braza". Yeye yuko Dar, anasimamia stoo ya vinywaji kwenye hoteli moja. Akasema thelathini haifanyiwi Dar, inafanyiwa nyumbani mbele ya wazazi. Basi turubai likafungwa, mbuzi wawili wakachinjwa, na kutoka Dar likaja boksi la waini. Yote ya Afrika Kusini.

Sasa hapo ndipo penye kisa. Kwao ni wakulima wa zabibu. Ukitoka nje ya ua tu unaikuta mizabibu, ekari moja na nusu, imefungwa kwenye nguzo na waya. Na huyu bwana waini ya Dodoma haipitishi mdomoni. Tulipokuwa kidato cha pili alikuja mnunuzi, akalikagua shamba, akaahidi kwa mdomo, akasema msivune kwanza, subirini gari. Gari halikuja. Zabibu si mahindi ukaweke ghalani. Nyuki wakaja, ndege wakaja, zilizobaki zikaanguka zenyewe, ua mzima ukawa unanuka siki. Mshkaji akakaa nyumbani muhula mzima kwa ajili ya ada mpaka mzee alipouza ng'ombe. Aliwahi kuniambia kwamba kila akiona chupa imeandikwa Dodoma analiona lile gari ambalo hakuliona.

Mimi nikabeba chupa mbili za Dodoma kwenye begi, nimezifunga kwenye fulana. Nilikuwa na mpango.

Mpango wenyewe niliuiba kwa Mwingereza mmoja, Steven Spurrier, aliyekuwa na duka la mvinyo Paris. Mwaka 1976 Marekani ilikuwa inatimiza miaka 200 ya uhuru, kwa hiyo nayo ilikuwa birthday, tena kubwa. Yeye na mwenzake Patricia Gallagher, Mmarekani, wakaona waisherehekee kwa kuwaonjesha Wafaransa mvinyo wa California. Tarehe 24 Mei wakawakusanya waonjaji tisa wa Kifaransa, watu wazito kwenye fani hiyo, wakawawekea mvinyo wa California pamoja na wa Ufaransa bila kuonyesha lebo. Kila mmoja alitoa alama juu ya 20. Spurrier mwenyewe hakutegemea California ishinde. Wanahabari walialikwa, akatokea mmoja tu, George Taber wa jarida la Time, na inasemekana alikuja kwa sababu siku ile hakuwa na kazi kubwa.

Mnaojua mmeshacheka. Kwenye mweupe ilishinda Chateau Montelena ya mwaka 1973, na kwenye mwekundu Stag's Leap ya mwaka huohuo, zote za California. Mwonjaji mmoja alionja mweupe wa California akafurahi kwamba sasa karudi Ufaransa. Mwingine, Odette Kahn, mhariri wa jarida la mvinyo, akataka arudishiwe karatasi yake ya alama. Leo chupa za washindi hao ziko kwenye jumba la makumbusho la Smithsonian kule Washington. Na aliyeutengeneza ule mweupe, Mike Grgich, alikuwa mhamiaji mzaliwa wa Croatia.

Ninachokipenda zaidi ni mwendelezo wake. Wafaransa walijitetea kwamba mvinyo wao mwekundu hautaki haraka, uachwe uzeeke kwanza ndipo ulinganishwe. Hoja ya maana kabisa. Basi mwaka 2006, baada ya miaka 30 kamili, mvinyo mwekundu uleule ukaonjwa tena, London na California. Nafasi tano za kwanza zikachukuliwa na California, ya kwanza ikiwa Ridge Monte Bello ya mwaka 1971. Miaka 30! Nikasema hii ndiyo sherehe yake.

Tukapanga hivi. Chupa sita, tatu nyeupe na tatu nyekundu. Kwenye nyeupe: Chenin Blanc ya Stellenbosch, Chenin Blanc ya Dodoma, na nyeupe moja ya Italia aliyoileta shemeji. Kwenye nyekundu: Pinotage ya Afrika Kusini, nyekundu kavu ya Dodoma, na moja ya Hispania. Nikazifunga zote kwa magazeti ya zamani na mpira wa manati, nikaziandika namba. Glasi zilikuwa za aina zote, mpaka zile za plastiki za harusi. Ndoo ya kutemea niliiweka na hakuna aliyetema. Mhesabu alama alikuwa jirani yetu mmoja Mwislamu asiyekunywa, mtu pekee ambaye kila mmoja alimwamini, na tulipoanza raundi ya pili alikuwa ndiye mtu pekee anayejua kujumlisha.

Waonjaji tulikuwa wanane, pamoja na mzee. Mzee hakutaka. Ameanza kulima zabibu miaka ya 1980 na katika maisha yake yote amekunywa waini mara chache sana, nyingi zikiwa za kanisani. "Mbukwa, baba," nikamwambia, "njoo ukae huku mbele." Akaja taratibu, akavua kofia.

Wakati watu wanazungusha glasi na kunusa (nilikuwa nimewaonyesha: tazama rangi, zungusha, nusa, kisha onja kidogo ukizungushe mdomoni), nikajikuta natoa lekcha. Mnanijua. Lakini ilibidi, kwa sababu zile chupa mbili za Chenin Blanc ni ndugu wa tumbo moja. Zabibu hiyo asili yake ni bonde la mto Loire, Ufaransa. Leo nchi yenye Chenin nyingi kuliko zote duniani ni Afrika Kusini, ambako kwa muda mrefu waliiita Steen. Na inastawi hapahapa Dodoma. Kwa hiyo mmea ni uleule, tofauti ni udongo, jua, na nani aliyeusimamia.

Kule Cape, Jan van Riebeeck wa Kampuni ya Uholanzi ya Mashariki ya India alitua mwaka 1652. Mizabibu ikapandwa mwaka 1655, na tarehe 2 Februari 1659 akaandika kwenye shajara yake kumshukuru Mungu kwa kukamua mvinyo wa kwanza wa Cape. Hesabuni wenyewe: tangu atue mpaka anywe ni karibu miaka saba. Mwaka 1685 Simon van der Stel akapewa ardhi aliyoiita Constantia, na katika karne zilizofuata mvinyo mtamu wa hapo ukanywewa na wafalme wa Ulaya. Napoleon aliletewa huko kifungoni St Helena. Jane Austen kautaja kwenye riwaya yake. Nani alikuwa anapanda, anapalilia, anakamua? Watumwa, waliotolewa Madagascar, Msumbiji, India na visiwa vya Indonesia. Msumbiji ni pwani yetu hii hii, wadau. Utumwa ulipofutwa na Waingereza mwaka 1834 kazi ikabaki kwa watu walewale, na sehemu ya ujira wakawa wanalipwa kwa mvinyo, kikombe asubuhi, kikombe mchana, kikombe jioni. Mtindo huo waliuita "dop", na hata baada ya kupigwa marufuku karne ya 20 ulichelewa kufa. Hapo mwenye sherehe akaitazama Pinotage yake akaniambia, "Wewe umekuja kuniharibia birthday?"

Nikamwambia subiri, na sisi hatujasalimika.

Kabla ya Dodoma niseme kitu kuhusu maneno, maana shangazi aliuliza kwa nini kanisani tunasema divai na dukani waini. Kiswahili kina majina matatu ya kinywaji hiki, na kila jina limekuja na mgeni wake. Mvinyo ni "vinho" ya Wareno. Divai ni "du vin" ya Kifaransa. Wamisionari Wafaransa wa Roho Mtakatifu, wale waliojenga Bagamoyo mwaka 1868, ni miongoni mwa wageni waliokuwa na lugha hiyo na chupa hiyo pwani yetu. Waini ni ya Mwingereza, haihitaji maelezo. Tunda lenyewe, zabibu, ni la Kiarabu, na Waarabu waliposema "zabib" walikuwa na maana ya zile kavu. Kwa hiyo mnywaji wa Kiswahili anatumia vinywa vinne kwa glasi moja.

Dodoma sasa. Wazee wengi wa huku watakwambia zabibu zililetwa na mapadre, na ndiyo historia yenyewe: mwaka 1957, Bihawana, misheni ya Wakatoliki isiyo mbali na kwetu, walipanda mizabibu kwa ajili ya divai ya misa. Nani angedhani? Nchi ya Wagogo ni kavu, mvua ni ya msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, na ikigoma inagoma kweli. Lakini mzabibu haupendi unyevu mwingi, unaleta ukungu. Ukiwa na jua, mwinuko wa zaidi ya mita 1,000 unaopoza usiku, na maji kidogo ya kumwagilia, mzabibu unakuona rafiki. Tena huku hakuna baridi ya kuulaza kama Ulaya, hivyo ukiupogolea unazaa mara mbili kwa mwaka. Mfaransa anavuna mara moja. Huu ndio utajiri wetu, na, kama nitakavyosema, ndio pia mtego wetu.

Kutoka kwa mapadre mizabibu ikaenda gerezani. Miaka ya 1960 Gereza la Isanga likawa na mashamba ya zabibu, kazi ikifanywa na wafungwa, na kutoka huko wanakijiji wakaiga. Makutupora kikajengwa kituo cha utafiti, na leo kuna aina ya zabibu inaitwa Makutupora Red. Serikali ikawa na kampuni yake ya mvinyo, DOWICO, na ndiyo iliyomfanya mzee apande. Alisema enzi hizo ulikuwa unajua unampelekea nani. Ukaja ubinafsishaji wa miaka ya 1990, mashirika ya umma yakawa yanaanguka kama maembe, na DOWICO haikuvuka salama. Wakulima wakabaki na mizabibu mikononi. Miaka ya 2000 wakaja wawekezaji binafsi, mmojawapo CETAWICO kule Hombolo, wenye asili ya Kiitalia, na aina kama Teroldego na Aglianico. Sheria ya ushuru nayo ikasaidia: mvinyo uliotengenezwa kwa zaidi ya asilimia 75 ya zabibu za nchini unatozwa kidogo kuliko wa nje. Waini ya Dodoma ikarudi madukani. Lakini mkulima wa ekari moja na nusu bado anasubiri gari.

Haya, matokeo. Najua mnataka kusikia Dodoma ilishinda mbingu zikafunguka. Hapana. Kwenye nyeupe, ya kwanza ilikuwa Chenin ya Stellenbosch, na Dodoma ikaifuata kwa tofauti ya alama tatu tu, Mwitalia akashika mkia. Mwenye sherehe aliipa ya Dodoma 17 juu ya 20, alama yake ya juu kuliko zote za siku ile, akaandika pembeni "kama embe bichi lenye asali". Kwenye nyekundu ikashinda Hispania, Pinotage ya pili, Dodoma ya mwisho. Mimi mwenyewe niliipa 9. Ilikuwa kali, nyembamba, kama chai iliyokaa na majani. Nisingesema hivi kama ningekuwa najua ni yetu, na ndiyo faida ya gazeti.

Nilipozifungua, namba mbili ikaonekana ni Dodoma, mshkaji aliinyanyua ile chupa akaitazama lebo muda mrefu. Watu wakapiga kelele, yeye hakucheka. Akaiweka mezani akamwangalia baba yake.

Mzee yeye alikuwa ameipa alama kubwa nyekundu ya Hispania. Tukamuuliza kwa nini. Akasema, "Hii zabibu waliiacha ikaiva." Basi. Tukadhani amemaliza. Akanywa tena kidogo, akaishika ile nyekundu ya Dodoma, akasema, "Hii walivuna kama tunavyovuna sisi. Walivuna kwa hofu."

Nikamwomba aeleze, maana mwanahistoria ukisikia hivyo unatafuta kalamu. Akaeleza kama anaelezea kupalilia. Zabibu ikianza kubadilika rangi bado haijaiva. Inapoendelea kukaa kwenye mti, ukali unashuka na utamu unapanda, na ule utamu ndio unaogeuka kilevi kwenye pipa. Wenye viwanda wana kakifaa kama kadarubini, wanakamua tone wanasoma sukari. Mkulima anajua bila kifaa. Tatizo si kujua. Kila siku unayoiacha mtini ni siku ya ndege, nyuki, mwizi, mvua ya ghafla kwenye ule msimu wa Machi. Na mnunuzi ndiye anayesema gari linakuja lini. Likija mapema, unavuna mapema. Ukimwambia zimebakiza wiki moja anakwenda kwa jirani. "Mwaka ule," akasema, na wote tulijua mwaka gani, "zilikuwa zimeiva vizuri kuliko miaka yote. Nilisubiri kwa sababu aliniambia nisubiri. Tangu hapo sisubiri tena."

Pale chini ya turubai nilielewa kitu ambacho semina nzima ya historia ya uchumi haikunipa. Nilikuwa najumlisha miaka saba ya van Riebeeck, miaka 30 ya Spurrier, mapadre, gereza, nikidhani nasimulia habari za udongo na aina za mbegu. Kumbe nilikuwa nasimulia habari za watu waliokuwa na uwezo wa kusubiri. Kampuni ya Uholanzi ilisubiri kwa sababu kazi ilifanywa na watumwa. Misheni ilisubiri kwa sababu haikuwa inauza, divai ni ya altare. Gereza lilisubiri kwa sababu mfungwa halipwi ada ya mtoto. Mzee wa Mpunguzi ana mavuno mawili kwa mwaka na hana hata wiki moja ya kusubiri, kwa sababu yale mavuno mawili yana madeni mawili yanayoyangoja. Mtu akionja hapo Dar anasema udongo wa Dodoma haufai kwa nyekundu. Mimi nilisema hivyohivyo, niliandika 9.

Mshkaji hakusema kitu mbele za watu. Keki ikakatwa, muziki ukapigwa, shangazi mmoja akalewa kwa heshima zote. Saa tano hivi usiku nikawakosa wote wawili. Nikawakuta shambani na tochi ya simu. Ni Juni, kwa hiyo matunda bado ni ya kijani, madogo, magumu kama shanga. Mzee alikuwa anamwonyesha mashina aliyoyabadilisha. Nikamsikia mshkaji anauliza, "Baba, ukiziacha siku kumi zaidi, hasara inakuwa kiasi gani?" Mzee akamwambia inategemea. "Inategemea nini?" "Inategemea nani analala huku kulinda, na mwezi huo nadaiwa na nani." Mshkaji akatoa simu akaanza kupiga hesabu. Wakaanza kubishana kuhusu bei ya wavu wa kuzuia ndege. Mzee anasema wavu ni anasa, mtoto anasema wavu ni mtaji. Nikaona hapa si pangu, nikarudi kwenye nyama.

Asubuhi wakati naondoka walikuwa bado wanabishana, safari hii kuhusu siku ngapi. Mtoto alitaka kumi, mzee amefika sita. Mavuno ni mwishoni mwa Agosti, nikijaliwa nitakwenda na nitawaambia.

Mshkaji alinipa ile Chenin ya Dodoma iliyobaki nusu, nimeiziba na karatasi kwa sababu kizibo kilivunjika. Ikavujia kwenye begi ndani ya daladala, imelowesha notsi zote za wiki ya nane. Mwenye notsi za wiki ya nane anisaidie jamani, test ni Ijumaa.